Lean 4 ndani ya VS Code: nyota nne, na moja iliyopotea

Kwa anayethibitisha nadharia za hisabati pale Maseno au Kisumu mjini, akiwa na laptopu ya RAM ya GB 8 na bando la kuhesabu, kiendelezi cha Lean 4, lugha ya kompyuta inayokagua uthibitisho, ndani ya kihariri cha VS Code, kinastahili nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na ujumbe mmoja tu.

Ukifungua faili yenye `import Mathlib` (Mathlib ni maktaba ya hisabati ya Lean) kwenye mradi mpya, huenda ukaambiwa kwamba moduli inazotegemea zimepitwa na wakati, ubonyeze Restart File. Ukitii, mashine inaanza kukompaili Mathlib nzima, maelfu ya faili, feni ikivuma kama posho mili ya Luanda kwa saa kadhaa. Usibonyeze. Funga faili, ingia kwenye folda ya mradi kwa terminali, andika `lake exe cache get`. Amri hii hushusha faili zilizokwisha kukompailiwa. Zikiisha, fungua faili tena. Ikikwama, sasa Restart File (Ctrl+Shift+X) haina madhara. Acha nafasi ya gigabaiti kadhaa diskini.

Stima ikipotea katikati, rudia amri ileile: zilizofika hazishushwi upya. Hukaa kwenye `~/.cache/mathlib`, kwa hivyo mwenzako anayetumia toleo lilelile la Mathlib anaweza kunakili folda hiyo kwa flashi, bando likapona.

Ukiona "unknown module prefix 'Mathlib'", usiilaumu seva ya Lean, ile inayokagua faili yako kwenye mashine. Mara nyingi faili imehifadhiwa nje ya mradi, tuseme Desktop, ambako hakuna `lakefile.toml` wala `lean-toolchain`. Hiyo `lean-toolchain` nayo isiguswe kiholela: ukibadilisha toleo lililoandikwa humo, elan, kisimamizi cha matoleo ya Lean, inashusha Lean nyingine, na kache uliyonayo haikufai tena.

RAM ndiyo inayobana. Kila faili iliyo wazi ina mchakato wake, basi funga tabo usizotumia, na pale ambapo `ring`, amri ya kuthibitisha milinganyo ya aljebra, inatosha peke yake, andika `import Mathlib.Tactic.Ring`. Kuhamia Neovim, kihariri chepesi, na kiendelezi chake lean.nvim kunapunguza uzito wa kihariri tu. Lean yenyewe inakula vilevile.

Raha yake ni InfoView, dirisha la pembeni linalofunguliwa kwa Ctrl+Shift+Enter: ukisogeza kishale mstari mmoja, unaona lengo lililobaki na dhana ulizonazo. Andika `\forall` na nafasi, inageuka ∀. Mstari wa rangi ya chungwa ukingoni maana yake seva bado inahesabu. Ngoja uishe kabla hujaamini kwamba hakuna kosa.