TAHADHARI: Muuzaji wa swicha anayedai "konvata ipo ndani, bado leseni tu"

Wakuu salama? Hii inawahusu zaidi nyie mnaopiga laivu za harusi, ibada na mikutano. Kuna jamaa yuko Dar anauza swicha za video zilizotumika (mashine ya kuunganisha kamera kadhaa na kuchagua ipi ionekane), anajitangaza Insta na kwenye magrupu ya WhatsApp, wa mikoani anawatumia mzigo kwa basi. Jina siweki kwa sababu suala liko polisi, na hata nikiweka akaunti zenyewe anabadilisha kila leo, ila mchezo wake naumwaga wote hapa.

Mashine anayoisukuma ni ATEM Television Studio HD ya kampuni ya Blackmagic, ile ya inputi 8, nne HDMI nne SDI (aina mbili za waya wa video). Mashine yenyewe haina shida, imefanya kazi nyingi tu mjini, shida ni anachokiandika kwenye tangazo: "kila inputi ina konvata, chomeka chochote inapokea." Konvata ni kile kinachobadilisha fomati ya picha inayoingia, yaani ukubwa wake na kasi yake kwa sekunde, iendane na ya mashine. Muongo huyo. Ile inasawazisha tu picha za kamera ziende pamoja, fomati haibadilishi, kwa hiyo ukiiseti 1080i50 basi kila kinachoingia lazima kiwe 1080i50, ukileta laptopu inayotoa 1080p60 unaambulia boksi jeusi kwenye monita. Zinazojibadilishia zenyewe ni kina ATEM Mini, na Television Studio HD8 iliyotoka 2022. Umeona hayo majina yalivyokaribiana? Hapo ndo anapopitia.

Na anajua kukuonyesha bwana. Anakuja na kamera zake mbili kashazipanga fomati moja, laptopu anayo ya kwake kashaishusha kutoka 60Hz hadi 50Hz, anachomeka vyote vinawaka safi, anakatakata kamera pale, mteja unatoa hela huku unacheka.

Sasa kuna kanisa moja Morogoro lilinunua kwake. Kamera zao mbili walipewa na wafadhili kutoka Marekani, zinatoa 59.94 tu, 50 hazina kabisa, ya tatu ndo walinunua hapa hapa. Jumapili zile mbili nyeusi tii. Mchungaji akapiga simu, jamaa kwa upole kabisa, "Baba mchungaji, konvata ipo ila imefungwa, inataka leseni, laki tatu na nusu kwa mwaka." Wakatuma. Akaingia kwenye kompyuta yao akiwa mbali kwa programu ya AnyDesk, akabonyezabonyeza, kamera za Marekani zikawaka, watu wakashangilia, kuja kuangalia ile ya tatu imezimika, na nembo ya kanisa na picha zote walizokuwa wamepakia kwenye swicha zimefutika! Akawaambia hiyo ya tatu ina leseni yake peke yake.

Hapo ndo nikaitwa. Nafungua ATEM Software Control, programu ya kuendeshea swicha, naingia setingi, nakuta alichofanya ni kuhamisha fomati ya mashine nzima kutoka 1080i50 kwenda 1080p59.94, basi, kazi ya sekunde chache. Ukihamisha fomati, stoo ya picha ndani ya mashine inajifuta, ndo nembo ilivyoondoka. Leseni ya konvata kwenye hii mashine haipo wakuu, programu yake unaishusha bure kwenye tovuti ya Blackmagic na apdeti zake bure.

Akibanwa sana anakuuzia kijiboksi cha HDMI kwenda SDI, eti ndo konvata. Vile vya bei chee vinabadilisha aina ya waya tu, 1080p60 ikiingia inatoka 1080p60 ile ile. Kama una chanzo kimoja kinachosumbua tafuta Decimator MD-HX, ile inabadilisha kweli, ukubwa wa picha na fremu.

Ukienda kununua beba laptopu yako mwenyewe ikiwa 60Hz, na kamera uiweke 1080i50, chomeka vyote kwa pamoja. Dekoda usitumie kujaribia, ile inaweza kuleta nyeusi kwa sababu ya HDCP, ulinzi wa kuzuia kunakili, hata mashine ikiwa nzima, halafu mkaanza kubishana bure. Jina la mashine kwenye bodi yake lisome lote mpaka mwisho.

Wale kanisa nimewaweka 59.94 kila kitu, bahati nzuri kamera ya tatu ilikuwa na hiyo chaguo kwenye menyu, na shata za kamera tumeziweka 1/100 ya sekunde maana kwa umeme wetu wa 50Hz taa zilikuwa zinachezacheza kwenye picha. Inaenda vizuri.

Namba aliyopokelea hela tumeiripoti 15040, ile namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kama na wewe ulimtumia ya "leseni", meseji ya muamala usiifute, na piga picha tangazo lake kabla hajalitoa, kisha njoo inboksi tuunganishe malalamiko yaende kwa pamoja.