Thyrogen: sindano mbili badala ya wiki za uchovu

Aliyeondolewa tezi ya shingo (thairoidi) kwa saratani huhitaji TSH, homoni inayoichochea tezi hiyo, ipande, kwa kawaida kupita mIU 30 kwa lita, kabla ya kunywa iodini ya mionzi inayosaka mabaki ya tezi. Njia ya zamani ni kuacha levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, wiki 3 hadi 4: baridi, uso kuvimba, usingizi usiokwisha. Thyrogen, TSH ya kutengenezwa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huipandisha huku vidonge vikiendelea. Kwa hilo peke yake inastahili sifa.

Ila inadai kufuata saa kwa makini. Kichupa cha miligramu 0.9 huchanganywa na mililita 1.2 za maji ya sindano. Zungusha taratibu, usitikise, uvute mililita 1.0 tu. Choma msuli wa tako, kamwe si mshipa. Sindano ya pili saa 24 baadaye, iodini saa 24 tena, damu ya kupima thairoglobulini (protini ya tezi inayoonyesha kama saratani imebaki) saa 72 baada ya sindano ya mwisho. Ikitolewa mapema, kipimo husoma chini. Kingamwili dhidi ya thairoglobulini nazo hudanganya kipimo, basi zipimwe pamoja.

Chumvi ya madini joto, yaani iodini (ndiyo, hiyo ya jikoni), iachwe wiki 1 hadi 2 kabla ya iodini ya mionzi.

Kasoro: bei inauma, na friji ya nyuzi 2 hadi 8 ni lazima.