Hita ya zamani imekufa, nikanunua pampu ya joto: miezi 14 Kanyenye, Tabora

Hita yetu ilianza kulia kabla haijafa. Ukiwasha swichi jioni, ndani ya tangi unasikia kitu kama bisi zinazopasuka, na fundi alipoifungua akatoa koili iliyovaa koti la chumvi nene kuliko kidole changu. Hayo ni mavuno ya miaka ya maji ya kisima, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia. Tangi nalo lilikuwa limetoboka chini.

"Mama, hapa ukibadilisha koili ni kumvika maiti suti," akaniambia.

Mtu wa Dar atashangaa kwamba Tabora tunahitaji maji ya moto. Aje Juni au Julai, mjini tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, aoge maji ya bomba saa kumi na moja alfajiri, halafu tuongee. Nyumbani tuko saba. Mama yangu ana miaka 81 na magoti mabovu, wajukuu wake wanaondoka shule kabla jua halijachomoza. Kuchemshia wote kwenye sufuria na mkaa tulijaribu wiki mbili. Yatosha.

Wiki hizohizo dada yangu mkubwa, anayeishi Minneapolis, Marekani, naye alikuwa na msiba wake. Kule nyumba zina tanuru la gesi linalopuliza hewa ya moto vyumbani, na la kwake lilikuwa limepita miaka 20. Fundi alikuta ufa kwenye chuma kinachotenganisha moto na hewa ya kupumua. Ufa wa hivyo unaweza kuingiza ndani kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Akashauriwa afunge pampu ya joto, abaki na gesi kwa zile siku ambazo nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Akanitumia sauti WhatsApp: "Mdogo wangu, kama mashine hii inafanya kazi kwenye barafu, huko kwenu si itakuwa inacheza tu?"

Neno hilo likaniingia. Nikaenda kwa fundi friji wa mtaani, maana mafundi bomba wote niliowauliza hawakuwa na habari. Hakunipa darasa. Alinishika mkono akaupeleka nyuma ya friji lililokuwa linanguruma pale kibandani. "Gusa." Moto. "Hilo ni joto la nyama na maziwa ya mtu. Friji limelichota ndani limelitupa nje." Pampu ya joto ya maji ni friji lililogeuzwa: inachota joto la hewa na kulisukuma kwenye tangi. Umeme wake hautengenezi joto, unalihamisha, na ndiyo sababu uniti moja inaweza kukuletea joto la uniti tatu hivi, wakati koili ya kawaida ikila moja inakupa moja. Hewa ikiwa baridi faida inashuka. Hiyo ndiyo hesabu inayomtesa dada na kunibeba mimi.

Najua swali lako: kwa nini si sola, na Tabora jua halina shida? Kwa sababu ya mwembe. Marehemu baba aliupanda, umefunika nusu ya bati kuanzia saa nane mchana, na msimu ukifika embe zinaanguka juu ya paa usiku kama mawe. Zile hita za sola zenye mirija ya kioo zisingemaliza msimu mmoja. Kuukata? Mwambie mama yangu wewe.

Basi nikaagiza Dar mashine ya lita 200, kompresa ya kama wati 500, gesi ya kupozea kama ya friji, R134a, tangi na pampu vimeshikana kama mnara mmoja. Pamoja na usafiri ilinitoka shilingi 3,300,000, ufundi 240,000. Hita ya kawaida mpya ya koili ilikuwa 650,000 tu, kwa hiyo usidhani sikukosa usingizi.

Muuzaji simtaji, lakini huduma yake ilinichosha. Aliahidi siku tano, mzigo ukachukua tatu na nusu. Namaanisha wiki. Halafu ukafika umelazwa kwenye lori, wakati boksi lina mshale mkubwa unaoelekeza juu. Bahati fundi friji alikuwepo akakataa isiwashwe siku hiyo. Ikalazwa wima, kama ninavyopenda kumtania, hadi kesho yake jioni ili oili irudi kwenye kompresa. Na ile garantii ya miaka miwili ina masharti kwamba matengenezo yafanywe na fundi wao. Fundi wao yuko Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa.

Kosa lililofuata ni letu wenyewe. Tuliifunga stoo, chumba kidogo chenye mlango wa mbao na kitundu cha hewa cha kuingiza paka. Siku tatu za kwanza raha. Ya nne maji yakawa vuguvugu na mashine haizimi. Nikafungua mlango wa stoo nikakutana na baridi ya bucha! Ilikuwa imenyonya joto lote la chumba kile, inahangaika kukamua hewa ambayo haina kitu tena. Mashine hizi zinataka hewa nyingi inayobadilika, na hilo limeandikwa kwenye kijitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Tukaihamishia baraza la nyuma, chini ya bati, laki nyingine ikaenda kwenye mabomba.

Tangu hapo inafanya kazi. Fundi aliiwekea kimita chake, nami naandika kwenye daftari la mboga. Wastani ni uniti 2.1 kwa siku. Ile hita ya zamani niliwahi kuipima kwa kuangalia mita ya LUKU kabla na baada, ilikuwa inakula kama 6. Kwa sisi tunaopata uniti 2.8 kwa shilingi 1,000, mwezi umetoka karibu 64,000 ukawa 22,500. Ukigawanya nyongeza niliyolipa juu ya hita ya kawaida, hela yangu inarudi baada ya karibu miaka sita, ukiacha ile laki ya ujinga. Si haraka. Dada alidhani ningesema miaka miwili.

Ina taratibu zake. Tangi likiwa limeishiwa kabisa maji ya moto linachukua kama saa tano kufika nyuzi 55, Julai hii asubuhi za baridi karibu sita, kwa hiyo nimeitegesha iwake mchana hewa ikiwa na joto. Mgeni akija ghafla na watoto wanne, wa mwisho ataoga ya baridi. Inanguruma kama feni kubwa, chumba kilicho karibu nayo utaisikia. Umeme wa jioni ukishuka inajizima na kuandika herufi za ajabu kwenye kioo, mpaka nikainunulia stebilaiza. Na inatoa maji chini. Masika mama aliniamsha, "tangi lako jipya nalo limetoboka," kumbe ni unyevu wa hewa unaogeuka maji kwenye koili baridi na kudondoka, kama AC. Dumu la lita tano lilikuwa linajaa kwa siku mbili. Sasa yanakwenda kwenye mchicha.

Ningekushauri ununue? Kama mko wawili au watatu, hapana, nunua hita ndogo ya koili uizime ukishaoga. Kama bati lako liko wazi na halina mwembe, sola ni bei nafuu zaidi na kiangazi haigusi LUKU. Kama mko wengi, jua hulipati, na una fundi friji unayemwamini umbali wa kutembea, hapo nenda. Hicho cha mwisho ndicho cha kwanza.

Mlalamikaji mmoja tu amebaki. Zile siku nne mashine ilipokuwa stoo, mama alikuwa ameweka humo samli, nyanya na kikapu cha embe, na hakuna kilichoharibika. Tulipoihamisha alinuna. Juzi fundi amesema inawezekana kuvuta bomba la hewa kutoka mdomo wa mashine, hewa ya baridi iingie stoo, mashine yenyewe ikiendelea kuvuta hewa ya nje. Anakuja Jumamosi kupima. Mama ameshapanga rafu.