Trekta: MF 375 ya kuvuta kwa tairi mbili za nyuma au 385 ya 4WD?
Wakuu, kila msimu ukikaribia hili swali linarudi, mtu ana ekari zake 60 hivi na anataka kuwalimia na wengine. Massey Ferguson 375 ina farasi 75, injini ya Perkins silinda nne, mafundi wanaijua hadi usingizini. 385 inapanda hadi farasi 85, na hii ninayoongelea ni ya 4WD, tairi za mbele nazo zinavuta.

Kama uko Kibaigwa au Kongwa kule Dodoma, ardhi tambarare na kavu, chukua 375 tu, plau ya diski tatu inavuta freshi, na mbele haina difu (gia za kugawa nguvu kwenye tairi) wala shafti za kukuletea kesi za spea (na hela iliyobaki nunua haro na tela, wengi wanasahau trekta bila zana ni pambo tu).

Ila Kilombero, Morogoro, kwenye mpunga hapana aisee, lile tope jeusi 375 inaslipu, inachimba shimo mpaka eksoli ya nyuma inakaa chini, mnaanza kutafuta trekta lingine la kuwavuta huku dizeli inaungua na mteja amenuna, hapo 385 hata kama bei imechangamka.