Uzoefu wangu na taa za chini za ukutani, Raskazone, Tanga

Taa ninazozizungumzia ni sita, za LED, wati 3 kila moja, nilizozinunua katika duka la vifaa vya umeme Ngamiani na kuzifungisha kwenye ukuta mfupi unaofuata njia ya kutoka getini hadi barazani, kimo cha sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Nyumba iko karibu na bahari, na jambo hilo ndilo lililoamua karibu kila nitakachokieleza hapa. Masika na vuli zote zimekwisha kuzipitia.

Kuhusu mwanga sina malalamiko. Taa ya juu ya mlango humwangazia mtu kichwani, kisha humtupia kivuli chake mwenyewe kwenye kidato anachotaka kukikanyaga. Hizi humwaga mwanga chini, kingo za vidato zikaonekana wazi, wala macho ya mgeni hayaumii. Nilichagua mwanga wa manjano wa kelvini 3000, ambao pia huvuta wadudu wachache kuliko ule mweupe unaoelekea buluu.

Penye maneno ni nyuma ya taa. Boksi limeandikwa IP65, maana yake vumbi haliingii kabisa na maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayaleti madhara. Hiyo ni kweli kwa gamba la taa lenyewe, lakini waya uliotoka nao kiwandani ni mfupi mno, hauzidi urefu wa kiganja, kwa hiyo kiungo cha umeme hakina budi kukaa ukutani, nje ya kinga hiyo yote. Ukuta wangu ni wa mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu, na mawe hayo hufyonza unyevu wa chumvi na kuutunza. Fundi aliponiona nimeshika utepe mweusi wa umeme alicheka: “Mzee wangu, huo utepe kwa ukuta huu haufiki Ramadhani.” Alichimbia maboksi ya plastiki yenye mfuniko wa mpira, akaingiza paipu kwa chini na si kwa juu, ili maji yanayofuata waya yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo, kisha akapaka silikoni juu na ubavuni mwa kila taa na kuacha upande wa chini wazi, unyevu upate pa kutokea. Wengi huziba pande zote nne, wakidhani wanaikinga taa, kumbe wanayafungia maji ndani.

Nyaya ni za milimita 1.5 za mraba, tatu kwa pamoja, mmoja wao ukiwa wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kwa kuwa gamba ni la alumini na mtoto yeyote anaweza kuligusa akiwa pekupeku juu ya ardhi yenye maji. Kwa umeme wetu wa volti 230, taa zote sita hazivuti hata sehemu moja ya kumi ya ampia, kwa hiyo breka ya ampia 6 inatosha na kubaki. Kifaa ambacho sikukubali kukiacha ni kile kinachokata umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampia 30. Kiligharimu kuliko taa mbili, na kwa taa za kimo hiki, zinazorukiwa na matope kila mvua inaponyesha, naona ndicho kilichostahili fedha kuliko chochote. Kazi ya namna hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hata kama jirani ana mpwa anayejua kuunganisha.

Alama ninazozipunguza ni za skrubu. Zilizomo kwenye boksi ni za chuma kilichopakwa tu, na kabla kusi haijaisha zilikuwa zimeanza kutiririsha kutu juu ya chokaa. Nilizibadilisha kwa zile zisizoshika kutu za daraja la 316, zinazohimili chumvi kuliko zile za daraja la 304, na fundi akaweka washa za plastiki kati ya skrubu na alumini, kwa kuwa metali mbili tofauti zikigusana penye chumvi, ile dhaifu huliwa. Rangi ya gamba nayo imeanza kuvimba kwenye taa mbili zinazotazama bahari.

Kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, sijaona tofauti ya maana: wati 18 kwa saa 12 ni takriban uniti 0.2 kwa usiku, yaani uniti sita na ushei kwa mwezi.

Kwa nyumba ya Muheza, mbali na upepo wa bahari, ningezinunua hizihizi na kuzifunga kwa skrubu zake. Kwa hapa Raskazone, nitakapoongeza mbili za upande wa kisima, nitatafuta zenye gamba la plastiki nzito na waya mrefu zaidi, hata kama bei itapanda.