Karafuu za Pemba: kabla hujalipia pakiti

Darajani, Kariakoo au Mombasa, kila muuzaji atakwambia karafuu zake ni za Pemba. Huenda kasema kweli. Lakini Pemba hutoa pia makonyo (vijiti vya vikonyo vya karafuu), mpeta na karafuu zilizovunda, na zote hupata mnunuzi.

Karafuu njema ni ya hudhurungi yenye wekundu, na kitumba cha juu bado kimekaa mahali pake. Ibane shingoni kwa ukucha: itoe mafuta. Tia chache kwenye glasi ya maji. Njema huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa huelea imelala ubavu. Pakiti ikijaa vijiti, umelipia makonyo. Ukikuta vitu vinene kama vijitunda, hiyo ni mpeta: karafuu iliyoachwa mtini ikaiva, harufu yake hafifu.

Zilizopauka na kunyauka zimevunda, na hapo kisiwa chenyewe kina mkono. Pemba ni vilima na mabonde, mvua yake inaizidi ya Unguja. Mkarafuu huipenda mvua hiyo, jamvi la kuanikia haliipendi. Karafuu ikishachumwa huchambuliwa kutoka kwenye makonyo, kisha huanikwa siku 4 hadi 7, na kilo 3 mbichi hubaki kama 1. Zikirundikwa mbichi usiku kucha hupata joto, asubuhi zimeharibika. Wapo wanaoanika juu ya lami: hukauka upesi, ila huokota mchanga. Sugua chache kiganjani utaujua.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo zao hili ni la Pemba zaidi. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi na watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022. Msimu ukiwa mzuri, kuanzia Konde hadi Mkoani kila nyumba ina mchumaji au mchambuaji. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, na ukigoma, familia hurudi kwenye uvuvi, mwani na muhogo. Mkulima huiuzia ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa bei iliyopangwa, kwa hiyo bei ya juu ya karafuu za kwenye kikapu cha ukili wanazouziwa watalii ni ya ukili. Nunua zilizo wazi, uzipime kwa macho.

Mafuta ya makonyo yanayokamuliwa Wawi, karibu na Chake Chake, ni makali kuliko ya karafuu yenyewe na bei yake nafuu. Kwa kuchua yanatosha, mradi uchanganye matone machache na mafuta ya nazi. Yakipakwa matupu huunguza ngozi na fizi. Yakiwa kwenye chupa ya plastiki laini, yaache: huila plastiki.

Kwa pilau ya kilo 1 ya mchele, punje 6 hadi 8 zinatosha. Zitwange siku ya kupika, si kabla.