Huduma ya usuluhishi wa malezi katika ofisi ya ustawi wa jamii: kikao kizuri, ufuatiliaji hafifu

Mimi na mzazi mwenzangu tulipotengana, binti yetu alikuwa na miaka minne, na kwa miezi miwili tulikuwa tukikabidhiana mtoto getini kwa maneno makali ambayo aliyasikia yote. Mjumbe wa mtaa ndiye aliyetushauri tuanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yetu, hapa Dar es Salaam, kabla ya kufikiria mahakama. Ninaitathmini huduma hiyo kwa sababu wengi huiona kuwa ni mahali pa kudaiana matunzo tu.

Huduma yenyewe hatukuilipia. Nilikwenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya serikali ya mtaa, nikiwa nimedhamiria kudai nimlee mimi. Afisa aliyetupokea, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa ni heri mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake, isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kuonyesha vinginevyo, na kwamba mahakama huzingatia pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Kisha akamgeukia mwenzangu na kumsomea kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kinachompa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye kila apendapo, ilimradi masomo yake yasivurugike. Kila mmoja wetu alikuwa amekuja na nusu ya sheria, ile iliyompendeza.

Kikao cha pili ndicho kilichonifanya niandike. Afisa aliketi na mtoto kwenye jamvi, akampa kalamu za rangi, nasi tukabaki nje kwenye benchi. Hakumwuliza anampenda nani zaidi, swali ambalo ndugu wa pande zote mbili walikwisha kumwuliza bila haya. Alimwuliza analala wapi, nani humwogesha, na usiku huogopa nini. Ndipo tulipofahamu kwamba mtoto aliamini tumeachana kwa sababu alimwaga uji juu ya simu yangu. Tuliagizwa tumwambie, tukiwa pamoja na kwa maneno yaleyale, kwamba halikuwa kosa lake, na tuyarudie kila atakapouliza, kwa kuwa mtoto wa umri huo haridhiki kwa kuambiwa mara moja.

Makubaliano ya kurasa mbili yalitaja ada, matibabu, siku na saa. Kwa kuwa binti yetu hajui kusoma, afisa alimchorea kalenda: siku za mama zina nyumba, siku zangu zina pantoni, maana ninaishi Kigamboni. Karatasi hiyo, iliyobandikwa jikoni kwetu sote wawili, imepunguza vilio vya Ijumaa jioni kuliko kurasa zile mbili.

Kasoro zipo, na si ndogo. Chumba ni kimoja chenye meza tatu, hivyo tulieleza ugomvi wetu huku familia nyingine ikisikiliza. Ofisi hufunguliwa siku za kazi tu, nasi tulisubiri saa tatu nzima. Ufuatiliaji ulioahidiwa baada ya mwezi haukufanyika, na nilipokwenda kuuliza niliambiwa afisa amehamishwa, huku jalada letu likitafutwa kwa wiki mbili. Makubaliano nayo hayakugusa mambo madogo yanayozua ugomvi kila wiki, kama vile dawa ya pumu kusafiri na mtoto na sare kurudi zikiwa zimefuliwa. Hayo tuliyamaliza wenyewe kwa WhatsApp.

Hata hivyo ningeipendekeza. Fikeni mapema asubuhi, kila mzazi adai nakala yake yenye mhuri, na siku ya kwanza mwacheni mtoto kwa bibi yake.